Mwanga mzuri ni wa nani?

"Anko, nirudie?"

Msichana alikuwa ameshika ncha mbili za kamba, anahema, jasho linamtiririka kwenye paji la uso. Sekunde chache kabla ya hapo alikuwa anaruka mruko usionihusu hata kidogo: anahesabu kwa sauti, wenzake wamemzunguka wakiomba akosee, na mimi nimechuchumaa pembeni na kamera yangu. Nikabonyeza. Akausikia mlio. Akaacha kuhesabu, akanigeukia, akaniuliza kwa adabu zote.

Kabla sijajibu, akawa ameshaanza.

Mruko wa pili uliushinda wa kwanza kwa kila kipimo ninachokijua. Alijisogeza mwenyewe hadi kwenye doa la jua la jioni, akanielekezea uso, akanyoosha mgongo, akatabasamu hewani. Katika picha ya kwanza miguu ina ukungu, upeo wa macho umeinama, na mdomo wake uko wazi katikati ya namba ambayo sasa hakuna anayeikumbuka. Ya pili ungeweza kuitundika ukutani.

Kila niliyemwonyesha alichagua ya pili. Mama yake aliichagua bila kusita. Mimi niliihariri, nikaipenda, kisha wiki zikapita nikawa kila nikiifungua naifunga haraka, bila kujua hasa nakimbia nini.

## Alijuaje asogee wapi?

Kurudia kwenyewe hakukunisumbua. Watoto hurudia kila kitu. Kilichonisumbua ni zile hatua mbili tatu alizopiga kabla ya kuruka. Hakuna aliyemwambia mwanga uko wapi. Aliangalia nilipokaa, akaangalia lenzi inakoelekea, akaliona doa la jua, akapiga hesabu, na jibu likawa sahihi.

Watoto hawa wamepigwa picha tangu siku waliyozaliwa. Kazi ya kupigwa picha wanaijua kuliko wengi wetu tunavyoijua kazi ya kupiga.

Nami nilikuwa nimefika mapema, kama kawaida yangu, nikachagua mahali. Jua nyuma kushoto, matawi ya kulichuja, mandharinyuma meusi yasiyo na vurugu. Mahali pazuri kweli. Halafu nikatulia, nikausubiri mchezo uje pale.

Mchezo haukuja. Alikuja mtoto mmoja, akiwa ameuacha mchezo nyuma yake.

Nikawa naligeuza jambo hili kichwani nikiwa naosha vyombo, nikiwa kwenye foleni, nikiwa nalala. Ninaposema mwanga wa mahali fulani ni mzuri, ni mzuri kwa nani? Yeye alikuwa na mwanga wake pale alipokuwa anaruka, na ulimtosha kabisa kuiona kamba.

## Dakika ishirini na tano

Wote tunajua tulichofundishwa. Piga alfajiri au piga machweo, na katikati ya siku rudisha kamera mkobani. Sina ugomvi na uzuri wa ile rangi. Nina ugomvi na muda wake.

Tuchukue zile nyuzi 6 za mwisho kabla jua halijagusa upeo wa macho. Karibu na ikweta zinaisha kwa dakika kama 25, kwa sababu jua hushuka karibu wima. Mwezi Juni, kwenye latitudo ya nyuzi 60 kaskazini, safari hiyohiyo ya jua inachukua zaidi ya saa nzima. Mpiga picha wa kule anao muda wa kukaa hadi watoto wamchoke na kumsahau. Wa ikweta ana muda wa kuwaita wasogee.

Na ndani ya dakika hizo mwanga unaporomoka. Juani kabisa, kwa ile kanuni ya zamani ya f/16 (ya kukadiria mwanga wa jua bila kipimo), ukiweka ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na f/4 (upana wa tundu la lenzi) unapata kasi ya kama 1/2000, yaani shata, pazia la kamera, inakuwa wazi kwa sehemu ya 2000 ya sekunde. Kivulini, au jua linapokaribia kuzama, mwanga umepungua mara 16 hivi, na mpangilio uleule unakuachia 1/125. Sasa mchukue mtoto anayekimbia mita 4 kwa sekunde. Kwa 1/2000 anasogea milimita 2 tu wakati shata iko wazi. Kwa 1/125 anasogea zaidi ya sentimita 3, na sentimita 3 zinatosha kuufuta uso.

Ndiyo, unaweza kupandisha ISO, na kamera za sasa zinavumilia. Simu nayo ina ujanja wake: inapiga fremu kadhaa na kuziunganisha kuwa moja, na mtoto anayekimbia anaweza kutokea ana mkono wa ziada. Lakini wengi wetu hatuhangaiki na hayo.

Tunawaambia wasimame.

Fungua albamu yako ya picha za machweo. Yangu nimeifungua. Watoto wamesimama. Watoto wanatembea polepole kuelekea jua, wameshikana mikono. Mtoto amekaa, ameshika ua. Mtoto anapuliza povu la sabuni. Kwa miaka niliamini huo ni mtindo wangu, utulivu fulani ambao jicho langu linaupenda. Sasa nadhani ni 1/125.

## Migongo mitatu

Ipo picha moja inayonipinga, nayo niliirudia mara nyingi katika wiki zile.

Karibu mwaka 1930 Mhungaria Martin Munkácsi aliwapiga picha wavulana watatu wa Kiafrika wakikimbilia mawimbi. Kwa miongo mingi imetambulishwa kuwa picha ya Ziwa Tanganyika, ingawa wapo wanaosema ilipigwa Liberia. Wametugeuzia migongo. Mwanga unatoka mbele yao, kwa hiyo miili yao imekuwa maumbo meusi matupu dhidi ya povu jeupe: mikono imerushwa, miguu haijulikani inakanyaga wapi. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson aliiona akiwa kijana, na baadaye alisema ndiyo iliyomwonyesha picha inaweza kufanya nini. Mwaka 1932 akanunua kamera yake ya kwanza ya Leica.

Hakuna uso hata mmoja katika picha ile. Na inakimbia hadi leo.

Nikajiuliza: ningempelekea mama yeyote picha kama ile, angesemaje? Angesema, "Kaka, ni nzuri. Sasa wangu yupi?" Na angekuwa na haki. Anayelipa, au anayeomba tu kwa upendo, anataka uso. Ila mtoto anayecheza hana habari na uso wake. Yupo magotini, mikononi, kwenye mpira unaoondoka. Uso ni kitu tunachomkumbusha kwamba anacho.

Na bado kuna kinachonikwaruza katika picha ile. Jina la mpiga picha tunalo. Jina la aliyevutiwa tunalo, hata aina ya kamera aliyonunua. Wavulana wenyewe hawana majina, na maji waliyokuwa wanayakimbilia hayana mahali pa hakika. Weusi wao umekuwa umbo, na umbo ni zuri, lakini mtu mweusi kugeuzwa umbo ni jambo ambalo limekuwa rahisi kupita kiasi tangu kamera ianze.

Sikuweza kuishia hapo na kusema: basi, piga migongo.

## Anga iungue

Kamera haijui ngozi. Kipimo chake cha mwanga hudhani kwamba dunia, ukiichanganya yote, ni kijivu kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Mtoto mweusi akiwa mbele ya anga angavu au mchanga mweupe, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza, na uso unazama. Mtoto huyohuyo akijaza fremu mbele ya kichaka cheusi, inafanya kinyume: inaongeza hadi anapauka kama aliyepakwa majivu. Makosa yote mawili nimeyaona yakilaumiwa kwa jua.

Enzi za filamu mambo yalikuwa mazito zaidi. Kwa miongo kadhaa Kodak ilizipatia maabara kadi za kusawazishia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe; kadi hizo ziliitwa Shirley, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi zote. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Google walipotoa simu ya Pixel 6 wakatangaza kwamba kamera yake imerekebishwa ili iwaone vizuri watu wa ngozi nyeusi, ilikuwa habari kubwa. Hiyo ni mwaka 2021.

Kwa hiyo mtu akiniambia mtoto wake "hatoki vizuri" nje mchana, siamini kwamba tatizo ni mtoto wala jua. Napima mwanga usoni kwake, si kwenye fremu nzima. Kwenye simu nagusa uso wake kisha napandisha mwanga kwa kidole. Kama nyuma yake ni anga, naongeza hatua moja (yaani mwanga mara mbili) na kuiacha anga iungue.

Anga ipo kesho.

Jambo jingine, na hapa nitaongea kama mzee: acheni kufuta jasho kwenye picha. Naona wahariri wanaondoa kila mng'ao kwenye paji la uso na puani, mtoto anabaki kama kitambaa. Ngozi nyeusi inajengwa na mng'ao. Mwanga wa pembeni ukigusa shavu lenye jasho au maji, ndipo unapoona mfupa, kidevu, mkunjo wa tabasamu. Mtoto aliyekuwa anacheza anang'aa. Mwache ang'ae.

## Adhuhuri

Nilipita karibu na uwanja uleule saa sita mchana, nikienda kwenye shughuli zangu. Sikuwa na kamera, nilikuwa na simu.

Watoto walikuwa wamejibana kwenye kivuli cha mti, kama inavyotakiwa. (Jua la saa hiyo si la kuchezea. Sijawahi kumwomba mtoto atoke kivulini kwa ajili ya picha, wala sitamwomba.) Ila mchezo wao ulikuwa ukingoni mwa kivuli: wanapanda ukuta mfupi, wanaruka, wanaangukia mchangani juani, wanakimbia kurudi. Nikapiga kwa mazoea, nikijua nitafuta zote jioni.

Jioni sikuifuta hata moja.

Nilichokiona kwenye skrini ni kitu ambacho miaka yote nimekuwa nikikikwepa kwa bidii. Chini ya kila mtoto aliyekuwa hewani palikuwa na kivuli chake, cheusi, kizima, kikiwa karibu kabisa chini ya nyayo. Na kati ya nyayo na kivuli palikuwa na hewa. Jicho linapima hewa hiyo lenyewe, halihitaji kuambiwa. Mtoto yuko juu.

Kafanye hesabu uone. Jua likiwa nyuzi 80 juu ya upeo, mtoto akiinuka sentimita 30, kivuli cha unyayo wake kinaangukia kama sentimita 5 tu kando. Jua likiwa nyuzi 10, kama lile la jioni tunalolisifu, kivuli hichohicho kinaangukia sentimita 170 mbali. Ukitaka mtoto na kivuli chake wawe kwenye fremu moja jioni, itabidi urudi nyuma mpaka mtoto anakuwa mdogo. Na hata ukifanya hivyo, anayetazama haunganishi tena vitu hivyo viwili. Kwa hiyo ile picha ya machweo ya mtoto anayeruka mara nyingi inaonyesha mtoto aliyening'inia mahali fulani hewani, hujui juu kiasi gani wala juu ya nini. Ya adhuhuri inaonyesha mruko.

Na macho, je? Najua, adhuhuri inachimba mashimo machoni. Inachimba kwa mtu anayetazama mbele, yaani mtu aliyeambiwa atazame kamera. Mtoto anayecheza anatazama juu muda mwingi: mpira uliopigwa, kishada, rafiki aliye kwenye tawi, mahali anapotaka kufika. Akiinua kidevu, jua la utosini linaujaza uso wote mpaka mboni. Asipoinua, ardhi inamsaidia. Mchanga mkavu na saruji vinarudisha mwanga juu kiasi cha kuyafungua macho. Nyasi hurudisha mwanga kidogo, na huo mdogo una ukijani unaokaa chini ya kidevu na kukataa kutoka. Ukuta uliopakwa rangi nyekundu unapaka na shavu. Siku hizi nikifika mahali naangalia chini kabla ya kuangalia juu.

Kilichofuata ni kwamba swali langu la zamani lilianza kulegea. Badala ya kutafuta mwanga mzuri uko wapi, nikawa natazama wanacheza nini, halafu naangalia mwanga waliomo unaonyesha nini cha mchezo huo. Maji yanataka jua liwe nyuma yake, ndipo kila tone linawaka. Vumbi la mpira linataka jua la chini, la pembeni. Siku ya mawingu, ambayo wapiga picha huiita ya bahati kwa sababu ni rahisi, kwangu imekuwa siku ya mchezo wa kujificha: hakuna kivuli cha kumsaliti mtu, na nyuso zinazonong'onezana nyuma ya ukuta zinasomeka zote mbili kwa usawa. Madoadoa ya jua chini ya miti bado siyapendi. Nimejaribu. Yanaukata uso vipande, na hakuna mchezo uliowahi kunishawishi.

Namna hii mtoto hahitaji kusogea. Anayesogea ni mimi, na wakati mwingine jawabu ni kwamba niondoke nirudi saa nyingine.

## Robo ya juu

Kidogo kuhusu muda, kwa sababu hapa mwanga pekee hautoshi.

Mtoto anayeruka sentimita 30 anakaa hewani nusu sekunde. Nusu ya muda huo yuko ndani ya robo ya juu kabisa ya mruko wake. Hiyo ni kazi ya uvutano: anapanda akipunguza kasi, anasimama kitambo, ndipo anaanza kushuka. Kileleni mwili hauna kasi ya kwenda popote, na 1/250 inatosha isipokuwa kwa mikono inayopunga. Bembea nayo ni hivyohivyo kwenye ncha zake mbili.

Shida ni vidole. Ukisubiri ukione kilele ndipo ubonyeze, unapiga mshuko. Inabidi ubonyeze kabla, yaani ujue kilele kinakuja, na njia pekee ninayoifahamu ya kujua hivyo ni kuufuata mdundo wao. Kamba ina mdundo. Bembea ina mdundo. Hata wale wa ukutani walikuwa na wimbo wa kusukumana kwenye zamu.

Basi nikaanza kuhesabu pamoja nao. Mwanzoni moyoni, baadaye kwa sauti, kwa sababu moyoni nilikuwa napotea.

Na hapo ndipo jambo lililokuwa linanisumbua likageuka upande wake wa pili.

## Kuruka kwa ajili ya kamera

Jacques Henri Lartigue alizaliwa Ufaransa mwaka 1894 na kupata kamera akiwa bado mtoto mdogo. Aliwapiga picha ndugu na binamu zake wakiruka, wakianguka, wakiendesha vigari walivyojitengenezea. Mwaka 1905, hata miaka kumi na miwili hajafika, alimpiga picha binamu yake aliyeitwa Bichonnade akiwa hewani juu ya ngazi za nje, amevaa sketi ndefu, mikono ameitanua. Dunia ya sanaa ilimjua Lartigue mwaka 1963 tu, Museum of Modern Art ya New York ilipomfanyia maonyesho, naye akiwa anakaribia miaka sabini.

Ukimtazama Bichonnade, humwoni mtu aliyenaswa bila habari. Ameruka kwa ajili ya kamera. Anajua iko wapi, anajua nani ameishika, na inaonekana anafurahia kupita kiasi. Hilo halijaiua picha ile. Nadhani inaishi kwa sababu hiyo.

Wiki zile zote nilikuwa nimelichukua swali la yule msichana kama ushahidi wa kitu kibaya: kwamba kamera yangu imeingia kwenye mchezo wa mtoto na kuugeuza kazi. Niliandika hata rasimu ya makala kali kuhusu hilo, ambayo nashukuru hamtaisoma. Nilipokuwa nahesabu na watoto kando ya kamba nikaanza kuona jinsi lile swali linavyotumika huko ndani. Wanaliuliza kila mara. Aliyekosea kwa sababu kamba ilinasa: nirudie? Aliyesukumwa: nirudie? Linaulizwa kwa anayeshika zamu. Ni swali la mchezaji kwa mchezaji, na anayeulizwa anatakiwa kuwa na msimamo.

Basi huenda hakuwa ameuacha mchezo. Huenda alikuwa amenipa zamu ndani yake, nami nikakaa kimya kwa kuwa sikujua sheria.

Nasema huenda. Sijaamua. Tabasamu la picha ya pili ni lile la kalenda, halibadiliki kwa mimi kulipa maelezo mapya. Lakini tofauti ya Bichonnade na picha yangu sasa naiona mahali pengine. Lartigue alikuwa mtoto kati ya watoto. Aliyeruka alijua kwamba mwenye kamera anapenda miruko. Mbele yangu mtoto alibashiri kwamba mwenye kamera anapenda nyuso nzuri kwenye mwanga mzuri. Alibashiri vizuri. Alikuwa ananijua.

## Kabla ya kutuma

Hili nalipitia haraka, kwa sababu wengi mnalijua, mnalisahau kama ninavyolisahau.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa mtoto haki ya kucheza katika ibara ya 31, na unalinda faragha yake katika ibara ya 16. Mpiga picha za michezo anasimama katikati ya ibara hizo mbili na kamera mkononi. Ruhusa ya mzazi naiomba kabla. Ya mtoto naiomba pia, kwa maneno anayoyaelewa, na akisema hapana haimaanishi nimbembeleze. Picha za kuweka hadharani nazifuta taarifa za mahali, ambazo simu inaweza kuzibandika ndani ya faili bila wewe kugundua, na naangalia nembo kwenye sare.

Na hapo migongo na maumbo meusi yanarudi kuwa na kazi yake. Picha inayokwenda kwa watu nisiowajua inaweza kupigwa kulielekea jua, ikaonyesha mchezo wote bila kumtaja mchezaji. Yenye uso inabaki nyumbani kwao. Tofauti na yale ya Munkácsi, majina ya hawa ninayo.

## Walichotaka wao

Niliwapelekea watoto picha za adhuhuri wazione. Nilitarajia wagombanie nyuso. Nyuso walizipa sekunde moja. Kisha vidole viwili vikashuka kwenye skrini, vikavuta miguu, vikavuta kivuli, na kelele zikaanza.

"Mimi nimepita."

"Hujapita, kivuli chako si hicho hapo, kimekugusa."

"Hapo nilikuwa nashuka!"

Huyu wa mwisho alikuwa na hoja. Kamera ikipiga fremu 10 kwa sekunde, mruko wa nusu sekunde unapata fremu tano tu, na kilele chako kinaweza kuangukia katikati ya mbili. Nikampigia hesabu: hata ikikukosa kwa bahati mbaya kabisa, inakukosa kwa sehemu ya ishirini ya sekunde, na katika muda huo mtu anashuka kama sentimita moja na robo, si zaidi. Akaniambia sentimita moja na robo ndiyo aliyoshindwa nayo.

Kwa hiyo tumewekeana utaratibu. Kila mmoja ana zamu tatu, na inahesabiwa ile yenye hewa nyingi kati ya nyayo na kivuli. Mimi nalala kifudifudi, lenzi ikiwa karibu na usawa wa ardhi lakini si chini kabisa, maana ukishuka mno kivuli kinakuwa mstari na hakuna anayekubali kuhukumiwa kwa mstari. Tunafanya ukingoni mwa kivuli cha mti, haraka, halafu tunarudi.

Kisha mmoja wao akagundua kwamba ukikunja magoti, nyayo zinakaa mbali zaidi na kivuli bila wewe kuruka juu zaidi. Tangu hapo wote wanakunja magoti. Na wote wanainamisha vichwa wakiwa hewani ili waone kivuli chao kimekaa wapi, kwa hiyo ile faida ya kidevu kilichoinuka, niliyoielezea hapo juu kwa majivuno, imekwisha, na nyuso zote ziko gizani.

Mama mmoja aliniuliza kama siku hizi napiga picha za magoti. Nikamwambia ndiyo, na nikaongeza mwanga hatua moja na nusu.